Abiria wa Matatu na Lango la Gede: Barua ya Wazi

Kwa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Kwa Serikali ya Kaunti ya Kilifi. Kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi. Kwa Mamlaka ya Barabara Kuu. Na kwa vyama vya wenye matatu wa barabara ya Mombasa–Malindi



Mnamo Julai 2024, Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, ikiwa katika kikao chake cha 46 mjini New Delhi, iliuandikisha mji wa kale wa Gede, ulioko Kaunti ya Kilifi, katika orodha ya urithi wa dunia, na kwa uamuzi huo Kenya ikafikisha maeneo manane yenye hadhi hiyo. Mwambao wa Kenya ulikuwa umekwisha kuipata heshima hiyo kwa Mji Mkongwe wa Lamu mwaka 2001, kwa misitu mitakatifu ya makaya ya Wamijikenda mwaka 2008, na kwa Fort Jesus ya Mombasa mwaka 2011. Hivyo mtu anayepanda gari la abiria Mombasa asubuhi na kushuka Gede kabla ya adhuhuri huwa ametoka katika urithi mmoja wa dunia na kufika katika mwingine kwa nauli ya matatu. Hilo ni jambo adimu hata katika nchi zenye utalii mkubwa kuliko wa Kenya. Hata hivyo, panapozungumzwa habari za urithi, watalii na mapato, abiria huyo ndiye anayesahaulika upesi kuliko wote, labda kwa sababu hafiki kwa makundi, hana wakala wa kumsemea, na fedha anayolipa langoni ni ile ndogo ya mwananchi.

Barua hii inamhusu yeye, na dai lake ni moja: kwamba safari ya matatu kutoka Mombasa hadi Gede, pamoja na mwendo wa miguu wa kutoka steji, yaani kituo cha matatu, hadi langoni, ni sehemu ya utunzaji wa Gede kama zilivyo kuta na misikiti yake, na kwamba sehemu hiyo kwa sasa haina mwenyewe.

Abiria anayekusudiwa hapa ni wa namna nyingi. Yumo mwanafunzi wa chuo anayeandika tasnifu juu ya ujenzi wa Waswahili, yumo mwalimu anayetaka kupaona mahali kwa macho yake kabla ya kulileta darasa zima, imo familia ya Kisauni au Changamwe mjini Mombasa iliyoamua kuitumia siku ya pili ya Idd kwa matembezi, yumo mzee wa Kigiriama anayewapeleka wajukuu kuona kuta ambazo yeye alizipita utotoni akichunga mbuzi, na yumo pia mgeni wa ng'ambo mwenye mkoba mgongoni ambaye hakutaka, au hakuweza, kukodi gari. Mtalii anayeletwa na gari la hoteli ya ufukoni Watamu ana dereva anayeijua njia, anayemngoja chini ya mti na kumrudisha kwa chakula cha mchana, na mpango wake wote umekwisha kufikiriwa na mtu mwingine. Hawa wa kwanza hutegemea mpango ambao hakuna aliyeuandika popote, nao ndio walio wengi miongoni mwa watu ambao urithi huu unasemekana kuwa ni wao.

Yafaa kueleza jinsi usafiri huo unavyofanya kazi, kwa kuwa mengi yanayofuata yanatokana na hesabu yake. Matatu ni gari la abiria linalomilikiwa na mtu binafsi, kwa kawaida lenye viti 14, ambalo hupewa leseni ya kuhudumu katika njia maalumu na ambalo mwenye nalo kwa kawaida huwa mwanachama wa SACCO, yaani chama cha ushirika kinachozisimamia gari za njia hiyo. Kanuni zilizotangazwa mwaka 2003 na kuanza kutekelezwa Februari 2004, ambazo wananchi wamezoea kuziita sheria za Michuki kwa jina la John Michuki aliyekuwa waziri wa uchukuzi, zilileta mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo vya kilometa 80 kwa saa, mstari wa manjano ubavuni pamoja na maandishi ya njia, na zikakomesha, walau kisheria, desturi ya kujaza abiria kupita idadi ya viti. Hazikuleta ratiba. Gari za Kilifi na Malindi zinazopakia Mombasa, Buxton na kandokando ya Barabara ya Abdel Nasser, huondoka zinapojaa, na utaratibu huo, ambao wageni huulalamikia sana, una mantiki yake: mwenye gari hapati ruzuku yoyote ya serikali, mapato yake ni viti vyake, na kiti kitokacho steji kitupu huenda kisipate mtu hadi Mtwapa au hata Kilifi.

Matokeo ya utaratibu huo ni kwamba muda wa safari haupimwi kwa umbali. Kutoka Mombasa hadi Gede ni kilometa mia moja na ushee, mwendo ambao kwa barabara tupu ungechukua chini ya saa mbili, lakini kungoja gari lijae, msongamano wa kuanzia Nyali hadi Mtwapa, kazi za kuipanua barabara, pamoja na kushusha na kupakia njiani, huweza kuzifanya saa hizo kuwa tatu au zaidi. Abiria aendaye huliona hilo kuwa usumbufu tu. Arudiye ana shida nyingine, nayo itaelezwa mahali pake.

Njia yenyewe inastahili kutazamwa kwa makini zaidi kuliko inavyotazamwa na wapangaji, maana haielekei tu kwenye magofu, imepangika juu yake. Mwambao wa kaskazini ya Mombasa umekatwa na hori, yaani mikono ya bahari inayoingia ndani ya nchi kavu, na ilikuwa kawaida ya Waswahili wa zamani kujenga miji yao karibu na hori hizo, mahali ambapo jahazi hupata hifadhi na biashara ya bara hukutana na ile ya baharini. Msafiri akivuka hori ya Mtwapa anakuwa kilometa chache tu kutoka Jumba la Mtwana, magofu ya karne ya 14 yaliyo pembeni mwa bahari yenyewe. Akifika Kilifi, upande wa kusini wa hori, anapita karibu na Mnarani, ambako iko misikiti na makaburi ya mji uliofanyiwa uchimbuzi na mwanaakiolojia James Kirkman katika miaka ya 1950. Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, gari zote ziliteremka hadi majini kungoja feri, na abiria waliosubiri zamu yao walisimama chini ya mwinuko ambao juu yake ndipo yalipo magofu hayo, hivyo hata asiyejua lolote kuyahusu alikuwa na nafasi ya kuuliza. Daraja lilipokuja liliokoa saa nyingi na, bila shaka, maisha ya wagonjwa wengi waliokuwa wakipelekwa hospitali. Lakini pia liliwainua abiria juu ya maji na kuwapitisha kwa dakika moja mahali ambapo mababu zao walitua kwa karne tatu. Hakuna mwenye akili timamu atakayetaka feri irudi. Kinachotakiwa ni kukumbuka kwamba kila barabara inapoboreshwa, kitu kilichoonekana kwa sababu ya mwendo wa polepole hupotea machoni, na kazi ya kukionyesha upya huwa ya mtu fulani.

Baada ya Kilifi barabara huambaa na msitu wa Arabuko-Sokoke, ulio mkubwa kuliko misitu yote ya mwambao iliyosalia Afrika Mashariki, kisha ikafika kijiji cha Gede, ambapo barabara ya Watamu huchepuka kuelekea baharini.

Mji anaoukuta msafiri huyo ulinawiri zaidi karne ya 15, na kuachwa kabisa karne ya 17. Ulizungukwa na kuta mbili, ile ya nje ikizunguka eneo la ekari 45 hivi, na majengo yake yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa: msikiti mkuu, jumba la mtawala, makaburi ya nguzo, na nyumba ambazo leo zina majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake, kama vile nyumba ya mkasi, nyumba ya taa ya chuma na nyumba ya kauri. Kaburi moja lina tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399. Vyombo vya Uchina na shanga za Venice vilivyopatikana humo ni ushahidi kwamba watu wa Gede hawakuwa watu wa pembezoni, ingawa mji wenyewe, kinyume na desturi iliyotajwa, ulijengwa kilometa kadhaa kutoka pwani. Wanazuoni wamependekeza sababu nyingi za kuhamwa kwake, zikiwemo kushuka kwa maji ya visima na shinikizo la vita kutoka kaskazini, bila kuafikiana. Wareno walikaa Malindi karibu karne nzima, hadi walipohamishia nguvu zao Mombasa mwaka 1593, na kutoka Malindi hadi Gede ni kilometa zisizofika 20. Hata hivyo katika maandishi yao yanayojulikana hakuna anayeutaja mji huu kwa namna inayotambulikana. Inawezekana kabisa, basi, kupita karibu na Gede kwa miaka mingi bila kujua kuwa upo, na katika hilo abiria wengi wa Malindi wa leo hawana tofauti kubwa na mabaharia wale.

Swali la nani awajibike kwa abiria huyu ndilo gumu, na ugumu wake umo katika sheria zenyewe. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, ambalo hugawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na za kaunti, limeiachia serikali ya kitaifa majengo na mahali pa kale penye umuhimu wa kitaifa, na likazikabidhi kaunti usafiri wa umma wa barabarani, taa za barabarani, maegesho na utalii wa mahali. Chini ya sheria ya mwaka 2006 juu ya makavazi na urithi, magofu yanatunzwa na Makavazi ya Kitaifa. Barabara kuu, kwa sheria ya mwaka 2007, ni mali ya usimamizi wa Mamlaka ya Barabara Kuu, na leseni ya gari, kwa sheria ya mwaka 2012, hutolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA). Kwa hiyo mtu anayeshuka kwenye matatu Gede na kutembea hadi kwenye kibanda cha tiketi hupita katika himaya nne ndani ya muda wa dakika kumi au kumi na tano: alipokuwa kitini alikuwa wa NTSA, aliposimama ukingoni mwa lami akawa wa wenye barabara, alipoingia stejini na kijijini akawa wa kaunti, na alipolipa kiingilio akawa, hatimaye, mgeni wa Makavazi. Kila mmoja kati ya hao wanne akiulizwa anaweza kuonyesha kwamba ametimiza wajibu wake, na pengine atakuwa anasema kweli. Pengo liko katika maungio.

Haifai kulitia pengo hilo chumvi. Njia ya kutoka barabarani hadi magofu ina vibao, kijiji ni cha watu wakarimu ambao humwelekeza mgeni kabla hajauliza, na anayechoka hupata bodaboda au tuktuk, ile pikipiki ya magurudumu matatu ambayo Watanzania huiita bajaji. Lakini kuna jambo moja la kijiografia ambalo mtu aliyekaa ofisini hawezi kulihisi. Magari ya Kenya huendeshwa upande wa kushoto, kwa hiyo gari litokalo Mombasa kwenda kaskazini huwashusha watu upande wa magharibi wa barabara, ilhali magofu yako mashariki, upande wa bahari. Kila abiria wa kutoka Mombasa, awe mtoto wa darasa la nne au bibi mwenye fimbo, lazima aivuke kwa miguu barabara kuu inayobeba malori, mabasi ya Lamu na magari ya watu wenye haraka zao. Kivuko cha miguu chenye alama za kuonekana na matuta ya kupunguza mwendo, vikiwekwa mahali hasa ambapo matatu husimama na si mahali panapompendeza mchoraji wa ramani, ni kazi ya Mamlaka ya Barabara Kuu, nayo ni kazi ndogo mno ikilinganishwa na upanuzi unaoendelea kusini mwa hapo.

Shida ya nauli ni ya namna nyingine, kwa kuwa haitokani na uzembe wa mtu bali na hesabu ya kiti iliyoelezwa hapo juu. Gari linalopakia Mombasa linatafuta abiria wa Malindi, ambako ndiko mwisho wa njia. Anayeshuka Gede huacha kiti kitupu katika kipande cha mwisho ambacho huenda kisipate mtu, na kwa sababu hiyo utingo, yaani msaidizi wa dereva anayekusanya nauli, huona ni haki kumtoza nauli nzima ya Malindi au kumpa kipaumbele yule anayefika mwisho. Katika siku za Pasaka, Krismasi, Idd na kufungwa kwa shule, nauli yenyewe hupanda kwa kiasi ambacho hujulikana stejini tu, na asiye mwenyeji hana namna ya kujua kama ametozwa sawa na jirani yake. Vyama vya wenye matatu haviwezi kulazimishwa kufanya biashara ya hasara, wala barua hii haiviombi hivyo; kinachoombwa ni nauli ya Gede iwekwe wazi, iwe ni ile ya Malindi nzima au pungufu, na ibandikwe stejini Mombasa, Kilifi na Gede kwa maandishi makubwa, pamoja na nyongeza ya sikukuu kama ipo. Mtu anayejua kabla ya kupanda kwamba atalipa nauli ya Malindi hana ugomvi na mtu. Ugomvi huzaliwa anapoambiwa akiwa Kilifi.

Sasa ile shida ya kurudi. Gari zinazotoka Malindi kwenda Mombasa huwa zimejaa tangu Malindi, maana ndivyo zinavyoruhusiwa kuondoka stejini, na abiria aliyesimama Gede jioni huziona zikipita moja baada ya nyingine zikiwa hazina nafasi. Wenyeji wana ujuzi wa kulikwepa tatizo hili: hupanda gari za masafa mafupi hadi Kilifi na kuunganisha hapo, au hurudi nyuma hadi Malindi na kuanza safari upya stejini, wakilipa zaidi ili wawe na uhakika. Mgeni hana ujuzi huo, na matokeo yake ni kwamba mwalimu aliyekuja peke yake kupaangalia mahali, akisharudi Mombasa usiku baada ya kusimama barabarani muda mrefu, hataliamini darasa lake kwa matatu tena; ataandika barua ya kuomba basi la kukodi, na kama shule haina fedha, ziara haitakuwepo. Shule zenye fedha zitafika Gede vyovyote iwavyo. Hizi nyingine ndizo zinazoupima mpango wa usafiri.

Zipo hoja za upande wa pili zinazostahili kusikilizwa. Ya kwanza ni ya wahifadhi, kwamba kuta za matumbawe ni dhaifu, kwamba mizizi ya miti inazisumbua tayari, na kwamba kuvuta watu wengi zaidi ni kuyaharakisha maangamizi. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama matatu zingeleta umati kwa mpigo mmoja, lakini gari la viti 14 linalosimama njia panda huteremsha wawili au watatu, na hao husambaa katika saa zote za mchana, tofauti na mabasi ya matembezi ambayo hummwaga kila mtu langoni saa nne na kumwondoa saa sita. Kwa mtunzaji wa magofu, abiria wa matatu ni mgeni mwepesi. Hoja ya pili ni ya usalama, kwamba barabara hii ina historia ya ajali na si busara kumhimiza mtu aitumie. Nayo hujibiwa kwa kuona kwamba watu wanaitumia tayari kila siku kwa masoko, mazishi na kazi, na kwamba kuvuka salama na kutosafiri usiku ndiyo mambo yenyewe yanayoombwa. Hoja ya tatu, ambayo husemwa kwa sauti ya chini, ni kwamba anayekuja kwa matatu haachi fedha. Hiyo haistahili jibu refu: mtu aliyeshuka stejini hununua mahamri, maji na madafu kijijini, ambako gari la hoteli hupita na vioo vikiwa vimefungwa.

Kwingineko tatizo kama hili limepata ufumbuzi usio na gharama kubwa. Teotihuacan, mji wa kale wa Mexico wenye piramidi mashuhuri, ambao uliandikishwa urithi wa dunia mwaka 1987, uko kama kilometa 50 kutoka Mexico City, na msafiri huufikia kwa mabasi ya kawaida ya kibiashara yanayotoka kituo cha kaskazini cha jiji yakiwa na neno la piramidi limeandikwa mbele, na kushusha watu karibu na malango. Serikali haikuhitaji kununua mabasi. Jina la mahali liliwekwa mahali pa kuonekana na kituo cha kushukia kikajulikana. Hapa karibu, mtu aendaye Kilwa Kisiwani, urithi wa dunia tangu 1981, hupanda basi la kawaida Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko, na kibali chake cha kuingia magofuni hukipata huko huko bara kabla ya kupanda mashua, kwa hiyo mahali ambapo safari ya basi huishia ndipo safari ya urithi huanzia. Wenye shughuli za Gede wangeweza kujifunza kutoka kwa yote mawili. Kanuni za 2003 zimekwisha kulazimisha kila matatu kuandika njia yake. Kuongeza neno Gede kati ya Kilifi na Malindi kwenye gari zinazokubali kushusha hapo ni suala la rangi na brashi, na NTSA inaweza kulifanya kuwa sharti dogo la leseni ya njia. Ingefaa pia vibao vyote vifuate tahajia moja, kwa sababu jina la UNESCO ni Gedi, la kijijini ni Gede, na asiye mwenyeji huweza kudhani ni pawili.

Makavazi ya Kitaifa yanasimamia magofu yote matatu ya njia hii, Jumba la Mtwana, Mnarani na Gede, na hilo huyapa uwezo ambao hakuna taasisi nyingine iliyo nao. Tiketi moja ya magofu matatu, inayotumika kwa siku kadhaa, ingemfanya abiria ashuke Mtwapa leo na Kilifi kesho, na kuigeuza safari ndefu yenye adha kuwa safari fupi tatu, kila moja ndani ya uwezo wa gari za masafa mafupi ambazo hazina ugomvi wa kiti. Mahali pa kuachia mizigo karibu na kibanda cha tiketi pangemfaa aendaye Malindi au Lamu akiwa na begi lake. Na katika kitabu cha wageni, ambamo kwa kawaida jina na atokako mtu ndivyo vinavyoandikwa, lingeongezwa swali moja la namna alivyofika, kwa kuwa mpaka hapo itakapojulikana ni wangapi waliokuja kwa matatu, kila mpango wa wageni utaendelea kuchorwa kwa kumtazama yule aliyekuja kwa gari la kukodi. Si jambo geni kwa Makavazi kutoka nje ya kuta: Mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa mwaka 1993 na ambao una makao yake ndani ya eneo la Gede, umekuwa ukinunua pupa za vipepeo kutoka kwa wakulima wa kandokando ya Arabuko-Sokoke na kuziuza ng'ambo, ili msitu uwe na faida kwa walio karibu nao. Mkataba wa Urithi wa Dunia wa 1972, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1991, unazitaka nchi katika kifungu chake cha tano zijitahidi kuupa urithi nafasi katika maisha ya jamii. Ni vigumu kuona jinsi nafasi hiyo inavyopatikana ikiwa jamii haiwezi kufika na kurudi siku hiyo hiyo.

Kaunti ya Kilifi ndiyo yenye steji, na kwa hiyo ndiyo yenye jambo ambalo lingeanza kuleta nafuu mapema kuliko yote, hata kabla waandikiwa wengine hawajakutana. Upande wa mashariki wa njia panda ya Gede, pale wanapongojea watu wa kurudi Mombasa, panahitajika banda lenye paa na benchi, taa, orodha ya nauli za Kilifi, Mombasa na Malindi, na maelezo ya Kiswahili na Kiingereza kwamba asiyepata gari la moja kwa moja apande la Kilifi na kuunganisha hapo. Vyama vya wenye matatu vingeombwa kuchangia kitu kimoja katika banda hilo, nacho ni namba ya simu ya msimamizi wa steji ya Malindi, ili mtu aliye Gede na watoto wanne saa kumi jioni aweze kuuliza, kabla gari halijatoka, kama kuna viti vitano vya kumngoja, na alipie kwa simu hapo hapo, jambo ambalo Wakenya wamelizoea tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007. Mwenye gari angeondoka Malindi akiwa na viti vitano vilivyokwisha kulipiwa, na kwa hesabu yake hilo ni sawa na gari lililojaa.